Je, Walikwenda Kama Kondoo?



Sisi tuliofundisha historia kwa miaka mingi tunalijua swali moja ambalo halikosi kuulizwa kila darasa linapofika kwenye habari za Wayahudi chini ya utawala wa Nazi. Mwanafunzi aliyeketi nyuma huinua mkono na kusema: "Mwalimu, watu hao walikuwa mamilioni. Kwa nini hawakupigana? Kwa nini walikwenda kama kondoo machinjoni?" Swali hilo tumelisikia pia katika mafunzo ya Biblia, na hata kwa watu wazima njiani baada ya ibada. Anayeuliza hana nia mbaya. Hata hivyo ndani ya swali lake mna hukumu iliyojificha, nayo ni kwamba asiyeshika silaha hakufanya lolote. Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi tuipime hukumu hiyo.

Kwanza tuyamalize yanayojulikana. Wapo waliopigana. Wayahudi wa geto la Warsaw, huko Polandi, waliinuka kwa silaha tarehe 19 Aprili 1943, na wafungwa wa kambi za mauaji za Treblinka na Sobibor waliasi mwaka huohuo, mmoja mwezi Agosti na mwingine mwezi Oktoba. (Neno hili geto, ambalo vijana wetu siku hizi hulitumia kwa chumba cha mseja, asili yake ni mtaa wa mji wa Venice ambamo Wayahudi walifungiwa tangu mwaka 1516.) Lakini waliopata bastola walikuwa wachache sana. Waliobaki walikuwa wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wagonjwa, watu ambao njaa ilikwisha kuwala nguvu. Hao ndio tunaoulizwa habari zao.

Tena swali lile huanzia mwisho wa habari, kwenye garimoshi liendalo kambini. Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari 1933, na mauaji ya halaiki yalianza mwaka 1941. Katika miaka ya katikati Wayahudi wa Ujerumani walinyang'anywa maisha yao kidogo kidogo, kwa amri moja baada ya nyingine. Mwaka 1935 walinyimwa haki za uraia. Kwa amri ya Agosti 1938, kila mwanamume ambaye jina lake halikutambulika kuwa la Kiyahudi alilazimishwa kujiongezea jina Israel, na kila mwanamke jina Sara. Novemba mwaka huohuo watoto wao walifukuzwa katika shule za serikali. Septemba 1941 kila mmoja wao, tangu mtoto wa miaka sita, aliamriwa kushona nyota ya njano kifuani. Halafu zikaja amri ambazo mtu akizisoma leo hudhani ni mzaha: marufuku kununua maua, marufuku kuazima kitabu maktaba, marufuku kuwa na mashine ya taipu, marufuku kufuga paka.

Serikali iliyo katikati ya vita kuu ina shughuli gani na paka wa mtu? Jibu tunaloliona sisi ni hili. Mwenye nguvu zote alikuwa na uwezo wa kuua mwili wakati wowote, lakini kabla ya hapo alitaka kitu kingine, ambacho hakiwezi kuchukuliwa kwa nguvu. Alitaka yule anayeteswa akubali moyoni kwamba yeye si mtu kamili. Kila amri ndogo ilikuwa kama karatasi inayongoja sahihi yake. Wasomaji wa kitabu cha Danieli watakumbuka kwamba hata Babeli kazi ilianza kwa kuwabadilisha vijana majina.

Na kama amri zilikuwa ndogo, kukataa nako kulikuwa kudogo. Mwanahistoria Wolf Gruner, ambaye kitabu chake kuhusu habari hizi kilitoka mwaka 2023, alipekua majalada ya polisi na ya mahakama za Ujerumani, akakuta Wayahudi wengi walioshtakiwa kwa makosa ambayo hakuna aliyewahi kuyahesabu kuwa ni upinzani. Mmoja alitoka nje bila nyota. Mwingine hakujiandika jina Israel. Mwingine alibandua tangazo la chama cha Nazi ukutani, au alisema dukani, mbele ya watu, maneno aliyokuwa nayo moyoni. Mjini Munich alikuwako mzee wa zaidi ya miaka 70, Benno Neuburger, aliyeandika postikadi za kumwita Hitler mwuaji na kuzitia posta bila jina. Zilikuwa chache tu. Polisi walimsaka, wakampata, akahukumiwa kifo, na akauawa katika gereza la Plötzensee, Berlin, mwezi Septemba 1942. Mtu anaweza kuuliza, postikadi zilimpunguzia nini Hitler? Hazikumpunguzia kitu. Lakini serikali ile yenye majeshi na ndege za vita haikuona kuwa ni kitu kidogo, maana ilimfikisha mzee yule mbele ya mahakama na kumkata kichwa. Nadhani tukubali kwamba watesaji wenyewe walijua vizuri kuliko sisi ni nini kilichokuwa upinzani.

Mjini Dresden aliishi Victor Klemperer, mwalimu wa chuo kikuu, mwana wa rabi, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa katika Kanisa la Kiprotestanti. Ubatizo wake haukumsaidia chochote, kwa kuwa kwa Wanazi damu ya babu na bibi ndiyo iliyohesabiwa. Alifukuzwa kazi mwaka 1935, akanyang'anywa nyumba, mashine ya taipu, vitabu vya maktaba, na mwaka 1942 hata paka. Walipoambiwa wamkabidhi paka yule, yeye na mkewe Eva waliona afadhali apelekwe kwa daktari wa mifugo akafe kwa utulivu. Katika hayo yote Klemperer aliandika kila siku. Aliandika bei ya viazi, maneno ya jirani, na jinsi watawala walivyoiharibu lugha ya Kijerumani kwa majigambo. Mkewe, ambaye hakuwa Myahudi, alizichukua karatasi hizo kwa garimoshi mpaka mji wa Pirna na kuzificha kwa rafiki yao daktari. Karatasi moja tu ingalikamatwa, wangaliangamia wote, pamoja na wote waliotajwa ndani. Walinusurika, na shajara ile ilichapishwa mwaka 1995. Lakini Klemperer alipokuwa akiandika hakujua kwamba atanusurika, wala kwamba atasomwa.

Tuvuke sasa mpaka mashariki, kwenye mageto, ambako hali ilikuwa mbaya mara nyingi zaidi. Geto la Warsaw lilizungushiwa ukuta na kufungwa Novemba 1940, likajazwa watu zaidi ya 400,000. Chakula walichogawiwa Wayahudi mwaka 1941 kilikuwa chini ya kalori 200 kwa siku, na mtu mzima anahitaji yapata 2,000. Kwa kipimo hicho hakuna ambaye angeishi miezi mingi. Kila aliyekuwa hai mwaka uliofuata aliishi kwa magendo, na wafanya magendo wengi walikuwa watoto, waliopenya katika matundu ya ukuta na kurudi na viazi ndani ya nguo. Walinzi waliwapiga risasi. Mtoto wa miaka minane aliyerudi na viazi vitatu alikuwa amevunja sheria ya dola kubwa, na mama yake akapika.

Hapo tunakuja kwenye jambo linalotugusa sisi walimu. Mwishoni mwa mwaka 1939 Wajerumani walizifunga shule za Wayahudi wa Warsaw kwa kisingizio cha kuzuia magonjwa. Walimu wakaanza kufundisha kwa siri, watoto wachache wachache katika vyumba vya watu, au penye majiko ya kugawia watoto supu, ambako anayepita angeona watoto wanakula tu. Vitabu vilifichwa ndani ya nguo. Ujira wa mwalimu mara nyingine ulikuwa chakula. Sisi ambao tumewahi kusimama mbele ya darasa la watoto waliokuja bila kunywa uji tunajua ni kazi gani kumfundisha hesabu mtoto mwenye njaa. Nao walifundisha hesabu, na sarufi, na jiografia ya nchi ambazo watoto wale hawangeziona kamwe. Ni nani anayemfundisha jiografia mtoto ambaye amekwisha kukubali kwamba mtoto huyo hana kesho?

Madaktari wa geto hilo walifanya jambo ambalo hatuna mfano wake. Kwa kuwa walikuwa na njaa pande zote, nao wenyewe wana njaa, mwaka 1942 waliamua kuuchunguza ugonjwa wa njaa kitaalamu: moyo unafanya nini, damu inakuwaje, macho yanakuwaje. Walioongozwa na Dk. Israel Milejkowski waliandika matokeo yao huku uhamisho wa kupelekwa Treblinka ukiendelea. Maandiko yalitolewa nje kwa siri na kuchapishwa mwaka 1946, wakati wengi wa waandishi walikuwa wamekwisha kufa. Mtesaji alisema: ninyi ni miili ya kuoza. Wao wakajibu: sisi ni madaktari, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Lakini tusikimbilie kuyapamba mambo. Mjini Vilna, Lithuania, geto lilikuwa na maktaba iliyosimamiwa na Herman Kruk, na mwezi Desemba 1942 walifanya sherehe kwa kutimiza vitabu 100,000 vilivyoazimwa. Habari hiyo hutajwa sana, na inastahili. Lakini Kruk mwenyewe alikuwa mkweli kuliko wasifiaji wake. Aliona kwamba wengi waliazima hadithi nyepesi, wakizisoma kama mtu anywavyo kileo, ili kusahau. Je, kusahau nako ni kupinga? Tunaona kwamba swali hilo si la kujibiwa na mtu aliyeshiba.

Mashaka makubwa zaidi yanatoka kwa Primo Levi, mkemia wa Italia aliyefikishwa Auschwitz mwezi Februari 1944. Katika kitabu chake cha mwaka 1947 anasimulia kwamba baada ya wiki moja tu kambini aliacha kunawa. Maji yalikuwa machafu, sabuni hapana, na nusu saa baadaye atakuwa amejaa masizi ya makaa. Mfungwa mwenzake aitwaye Steinlauf, aliyekuwa sajenti katika vita vya 1914 hadi 1918, alimkemea akiwa kifua wazi, akijisugua kwa maji yaleyale machafu. Alimwambia kwamba wamenyang'anywa kila kitu, ila umebaki uwezo mmoja wa kuulinda kwa nguvu zote, nao ni kutokutoa ridhaa yao. Kwa hiyo mtu anawe bila sabuni, ajifute kwa koti lake, atembee wima.

Tungependa kuishia hapo, kama wahubiri wengi wanavyoishia. Lakini Levi anaendelea, anasema mafundisho yale hayakumtosha. Aliyaona ni hekima iliyonyooka mno kwa mahali palipopotoka namna ile. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1986, aliandika kwamba walionusurika hawakuwa walio bora. Walio bora walikufa. Maneno hayo yatuzuie tusigeuze sifa ya walionawa kuwa lawama kwa wasionawa. Kama tukisema kwamba aliyefundisha na aliyeandika na aliyenawa alishinda, basi yule mama aliyeketi kando ya barabara ya Warsaw akashindwa kuinuka, yeye tumwite nani? La hasha. Kunyimwa hata nguvu ya kukataa ni dhuluma moja zaidi aliyotendewa, wala si dhambi yake.

Katika mji wa Kovno, Lithuania, rabi kijana Ephraim Oshry aliulizwa maswali ya dini na watu wa geto, akayaandika pamoja na majibu yake kwenye vipande vya mifuko ya saruji, akavifukia ndani ya makopo, na baada ya vita akavifukua. Swali moja ni hili. Kila asubuhi Myahudi humshukuru Mungu kwamba hakumwumba mtumwa. Je, sisi tunaoamkia kazi ya kulazimishwa, chini ya bunduki, tunaweza kuitamka baraka hiyo bila kusema uongo? Rabi aliamua kwamba yapasa itamkwe, tena sasa kuliko zamani, ili adui ajue kwamba ameshika miili tu. Sisi tunaosema sala zetu za asubuhi kwa haraka, huku tukitafuta viatu, tulifikirie swali hilo kidogo. Mtu amesimama gizani, anangoja kuhesabiwa, na anachotaka kujua ni kama sala yake itakuwa kweli.

Rabi huyohuyo aliulizwa kama Myahudi anaruhusiwa kununua cheti cha ubatizo ili aokoke, akajibu kwamba hairuhusiwi. Kwake, kulikana jina lake ndiko hasa kulikotakiwa na adui. Jibu hilo linatuweka sisi Waanglikana mahali pagumu, kwa sababu mwaka 1938, baada ya Hitler kuitwaa Austria, makasisi wa kanisa letu mjini Vienna, Hugh Grimes na baada yake Fred Collard, waliwabatiza Wayahudi takriban 1,800 katika miezi michache. Watu walipanga foleni. Walifundishwa imani kwa muda mfupi mno, wakabatizwa, wakaandikwa daftarini, wakapewa cheti ambacho kilikuwa na msaada kwa mtu anayetafuta kuvuka mpaka. Wakristo wanaopenda mambo yawe safi wataona hapo Sakramenti imefanywa hati ya kusafiria. Sisi tunaona watu waliokuwa wakiokoa watoto wao kwa mlango uliokuwa wazi. Kati ya rabi aliyekataza na baba wa familia aliyepanga foleni hatuthubutu kuamua. Wote wawili walikataa kufa kwa namna waliyopangiwa.

Na daftari la ubatizo lina habari ya upande wa pili, ambayo kanisani haitajwi sana. Tangu mwaka 1933 Mjerumani aliyetaka kubaki na kazi ya serikali alitakiwa kuthibitisha kwamba babu na bibi zake hawakuwa Wayahudi. Ushahidi ulipatikana wapi? Katika madaftari ya ubatizo na ya ndoa ya makanisa. Mapadre na makarani wa parokia, watu wema wengi wao, waliketi mezani wakanakili majina na kupiga mihuri. Mjini Berlin, mwaka 1936, ilianzishwa ofisi ya kanisa iliyoyakusanya madaftari ya zamani na kutengeneza kadi za Wayahudi waliobatizwa, na majina yakafika kwa watawala. Hakuna aliyempiga mtu ofisini humo. Palikuwa na wino, kadi na chai ya saa nne. Anayeona kwamba postikadi ya mzee Neuburger ilikuwa jambo dogo mno, na atazame ni mambo madogo ya namna gani yaliyowafikisha watu kwenye garimoshi.

Tumalizie Warsaw. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum alikusanya katika geto kikundi cha siri kilichokutana Jumamosi, kikaitwa Oneg Shabbat, yaani furaha ya Sabato. Waliokota kila kitu: taarifa za mauaji, insha za watoto wa shule, tiketi za tramu, hata karatasi za peremende, kwa kuwa hawakutaka habari zao ziandikwe na wauaji wao peke yao. Mwanzoni mwa Agosti 1942, uhamisho ukiwa umepamba moto, mwalimu Izrael Lichtensztajn na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, mmoja wa miaka 19 na mwingine wa miaka 18, walifukia masanduku kumi ya bati chini ya shule katika Mtaa wa Nowolipki. Sehemu ya pili ilifukiwa baadaye, ndani ya madebe mawili ya maziwa. Katika kikundi cha watu wapatao 60 walinusurika watatu tu. Ringelblum mwenyewe aliuawa Machi 1944, pamoja na mkewe na mtoto wao. Masanduku yalifukuliwa Septemba 1946, madebe Desemba 1950. Sehemu ya tatu haijapatikana hata leo.

Ndani ya sanduku mojawapo mna wosia wa mwalimu Lichtensztajn. Hakuomba sifa wala mnara. Aliomba mkewe, mchoraji Gele Seksztajn, akumbukwe, na binti yao Margalit, ambaye siku hiyo alikuwa na umri wa miezi 20. Masanduku yale yaliingia maji na karatasi nyingi ziliharibika, lakini hiyo inasomeka.